Alitamba chuoni, akatemwa NFL: tatizo lilikuwa wapi?

Mwishoni mwa Agosti kila mwaka timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hufanya mchujo wa mwisho. Kila timu huingia kambini na wachezaji wapatao 90, na ikitoka inabaki na 53. Maana yake vijana zaidi ya 1,100 wanapoteza nafasi karibu kwa wakati mmoja, na wengi wao vyuoni walikuwa moto wa kuotea mbali. Mashabiki wanauliza, na wazazi wanauliza kwa uchungu zaidi: imekuwaje?

Jibu la haraka ni kwamba kijana hakuwa mzuri kiasi hicho. Mimi silikubali. Takwimu za chuoni humpima mchezaji akiwa pamoja na mfumo aliochezeshwa, wenzake waliomzunguka na wapinzani aliopangiwa. NFL inamtoa katika hayo yote, inampima peke yake, tena kwa nafasi ile tu iliyo wazi mwaka huo. Kwa hiyo ukitaka kujua kilichomkwamisha, kiache kipaji kwanza uangalie alikwama hatua gani: kwenye drafti (pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu), kwenye nafasi ya kuchezea, kwenye mechi za majaribio, kwa daktari, au nje ya uwanja. Kila hatua ina sababu zake, na ukikosea hatua utamlaumu mtu kwa kosa ambalo si lake.

Kabla ya yote, hesabu nafasi

Timu 32 mara wachezaji 53 ni ajira 1,696. Drafti ya Aprili ina raundi saba, na majina yanayosomwa hayafiki 265. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hukadiria kuwa kati ya wachezaji wa futiboli waliofikia kustahili drafti, wanaovuka kwenda kulipwa ni takriban asilimia 1.6. Kwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu timu nyingi hubaki na wawili au watatu tu.

Na ajira hizo tayari zina wenyewe, watu wazima wenye miaka sita au minane kazini. Kijana mzuri kwelikweli anaweza kukosa nafasi bila kuwa na kasoro hata moja. Uliza timu yake ilikuwa na watu wangapi mbele yake, na wangapi kati yao walikuwa na mikataba ambayo fedha zake hulipwa hata wakitemwa. Jibu likiwa "wengi", pengine uchunguzi wako umeishia hapo.

Dalili ya kwanza: takwimu nzito, na hakuna timu iliyomchagua

Chanzo cha kukagua mapema ni mfumo. Timmy Chang alimaliza Chuo Kikuu cha Hawaii akiwa amerusha zaidi ya yadi 17,000, rekodi ya vyuo kwa wakati ule, na drafti ya 2005 ikapita bila jina lake kutajwa. Baada yake, chuoni hapo hapo, Colt Brennan alirusha pasi 58 za tachidauni, yaani zilizoishia kwa kufunga, katika msimu mmoja wa 2006. Timu ya NFL ya Washington ilimchukua raundi ya sita 2008, akaandamwa na majeraha, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida. Hawaii ilikuwa inarusha mpira karibu kila mara, kwa hiyo kwotabeki yeyote mwenye akili na mkono mzuri angekusanya yadi nyingi pale. Hilo halifuti kazi ya vijana hawa. Ila linamwacha skauti, mtafuta vipaji wa timu, bila kujua ni yadi ngapi ni za kijana na ngapi ni za kocha.

Watu wengi hawajui kwamba hata sheria zenyewe hazifanani. Uwanja wa chuo una mistari miwili ya katikati ya kuanzishia mpira iliyoachana futi 40. Kwenye NFL ni futi 18 na inchi 6. Mpira wa chuo ukianzishwa kwenye mstari wa upande mmoja, upande wa pili unabaki eneo pana ambalo walinzi hawawezi kuliziba lote. Tena chuoni majabali wa mstari wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi tatu kabla pasi haijatoka, wakati NFL inawaruhusu yadi moja. Mlinzi wa chuo akiwaona wale majabali wanamjia anaamini mpira unakimbizwa, anaingia ndani kuziba, na nyuma yake mpokeaji tayari yuko peke yake. Pasi ile ile kwenye NFL inaadhibiwa na mwamuzi au inakutana na mlinzi ambaye hakusogea.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu haziwezi kukuonyesha, na ni zile sekunde kabla ya mpira kuanza. Kwenye NFL kocha humpa kwotabeki maelekezo kwa redio iliyomo ndani ya kofia, na sauti hiyo hukatika saa ya kuanzisha mpira ikibakiwa na sekunde 15. Kijana anasikia mlolongo wa maneno ya siri: mpangilio, nani asogee kabla ya mpira, nani alinde upande gani, kila mpokeaji akimbie njia ipi. Anaurudia wote mbele ya wenzake kumi bila kuruka neno, anakwenda kwenye mstari, anasoma walinzi walivyojipanga, na akiona mtego anabadilisha mbinu kwa kupaza sauti huku watu 70,000 wakimzomea. Vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa redio za aina hiyo mwaka 2024. Kabla ya hapo vijana wengi walikulia katika mfumo wa kugeuza shingo kando ya uwanja, kusoma ishara za mikono au mabango ya picha, kisha kutekeleza. Wapo waliofika kambini wakiwa hawajawahi kutamka mpango mzima kwa mdomo wao.

Namna ya kupima: weka takwimu kando, tazama mechi nzima. Hesabu mara ngapi pasi ilikwenda kwa mtu wa kwanza aliyemwangalia, na mara ngapi aliona wa kwanza amezibwa, akahamia wa pili, wa tatu, huku anakimbizwa. Kama hali hiyo ya pili karibu haipo, tatizo ni mfumo, na linatibika kwa muda. Bahati mbaya muda ndio kitu ambacho timu humpa aliyechaguliwa raundi ya kwanza, si aliyeingia bila drafti.

Chanzo kingine ni umbo, na hapa skauti hukosea mara nyingi. Doug Flutie alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1984, lakini kimo chake kilikuwa kama sentimita 178 hivi. Alichaguliwa raundi ya 11, enzi ambapo drafti ilikuwa na raundi zaidi ya saba. Alikwenda Kanada akawa mchezaji bora wa ligi ya huko mara sita. Kellen Moore naye alishinda mechi 50 na kupoteza tatu akiwa chuo cha Boise State, na 2012 hakuna aliyemchagua. Detroit walimpa nafasi kama mchezaji huru, akadumu kwenye ligi misimu kadhaa, na akili ile waliyoipuuza ndiyo iliyomfikisha kwenye ukocha mkuu wa New Orleans Saints 2025.

Halafu kuna ubaguzi, na sitaupitia juu juu. Warren Moon aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, mwanzoni mwa 1978 na akawa mchezaji bora wa mechi hiyo. Skauti walimtaka aache ukwotabeki ahamie nafasi nyingine, kwa imani ya enzi ile kwamba mtu mweusi hawezi kuongoza mashambulizi. Alikataa, hakuchaguliwa na mtu, akaenda Edmonton huko Kanada na kutwaa Grey Cup, kombe la ubingwa la huko, mara tano mfululizo. NFL ilimwita 1984, na mwaka 2006 akaingia kwenye Jumba la Mashujaa, kwotabeki wa kwanza mweusi kufika hapo. Unapochunguza mchezaji wa miaka ile, na hasa kwotabeki mweusi, neno "hakufaa" katika ripoti ya skauti lisikutoshe. Tafuta alifanya nini mahali pengine alipopewa mpira.

Mara chache mchezaji mwenyewe ndiye aliyechagua. Charlie Ward alikuwa na Heisman ya 1993 na ubingwa wa taifa na Florida State, lakini alikuwa hodari wa kikapu pia na hakutaka kuahidi kuwa angecheza futiboli asipochaguliwa raundi ya kwanza. Timu za NFL zikampita. New York Knicks wakamchukua wa 26, akacheza NBA zaidi ya misimu kumi.

Dalili ya pili: amechaguliwa, kisha anahamishwa nafasi

Eric Crouch alishinda Heisman ya 2001 akiwa kwotabeki wa Nebraska, chuo ambacho wakati huo kwotabeki wake alikuwa mkimbiaji kabla ya kuwa mrushaji. St. Louis Rams walimchagua raundi ya tatu 2002 wakitaka awe mpokeaji. Fikiria: umetuzwa kuwa bora nchini kwa kazi moja, na baada ya miezi michache uko mwanafunzi wa kazi nyingine, unashindana na watu walioifanya tangu utotoni. Crouch aliachana na timu hiyo kabla ya msimu kuanza, na hakucheza mechi ya msimu wa kawaida ya NFL katika maisha yake.

Wapo pia wanaoangukia katikati, wadogo kwa nafasi moja na wazito kwa nyingine. Mlinzi wa pembeni mwenye kilo 118 chuoni anatosha. Kwenye NFL anasukumana na watu wa kilo 140 wenye mikono mirefu kuliko yake, na akirudishwa nyuma kucheza lainibeka, mlinzi wa mstari wa pili, anakuta wakimbiaji wanampita. Skauti hupima hata urefu wa mkono kutoka begani hadi ncha ya kidole, kwa sababu mwenye mkono mrefu ndiye anayemshika mwenzake kwanza.

Kinga yake ianze mapema. Kijana akiingia mwaka wa tatu chuoni, mwulize kocha waziwazi: kwa mwili huu, wataalamu watanitaka nafasi gani? Kisha afanye mazoezi ya nafasi hiyo wakati bado ni nyota kwenye ile ya zamani. Wengi hawaulizi, kwa sababu swali lenyewe linauma.

Dalili ya tatu: aling'ara mechi za majaribio, bado akatemwa

Hii ndiyo inayowaudhi mashabiki kuliko zote, na jibu lake karibu kila mara ni timu maalumu, kikosi cha mipira ya teke, pamoja na fedha.

Chukua Michael Sam. Mwaka 2013 alikuwa mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya mlinzi bora wa SEC, ligi ngumu kuliko zote za vyuo. Rams walimchagua wa 249 mwaka 2014, na katika mechi za Agosti akawaangusha makwotabeki mara tatu. Wakamtema. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza kuchaguliwa akiwa ametangaza hadharani kuwa shoga, kwa hiyo mjadala uliwaka kama hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Kocha alisema ni uamuzi wa mpira tu. Yaliyo wazi ni haya: timu hiyo ilikuwa na Robert Quinn na Chris Long kwenye nafasi zake, na kiti cha mwisho kilikwenda kwa Ethan Westbrooks, kijana ambaye hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti. Sam alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.91, na mlinzi wa akiba mwenye kasi hiyo ana kazi ngumu ya kumshawishi kocha wa timu maalumu.

Timu maalumu ni kikosi kinachoingia wakati mpira unapigwa teke. Siku ya mechi wachezaji 48 wasizidi ndio huvaa jezi kati ya wale 53, kwa hiyo mpokeaji wa tano au lainibeka wa sita havai jezi kwa ajili ya kukaa benchi. Anatakiwa akimbie yadi 50 kwa kasi yote, awakwepe wawili wanaomzuia, amwangushe mwenye mpira, halafu arudie. Nyota wa chuo kazi hii haijui. Kocha wake alimweka mbali nayo miaka minne asije akaumia, na kwa nia njema kabisa akawa amemnyima kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Mfano wa upande wa pili ni Matthew Slater: alikaa New England Patriots tangu 2008 hadi msimu wa 2023, akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara kumi, na katika miaka yote hiyo alidaka pasi moja tu. Aliishi kwa mateke.

Kwetu yupo Daniel Adongo, Mkenya wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila kucheza futiboli ya chuo hata siku moja. Desemba mwaka huo alipandishwa kikosi kikuu, na kazi aliyoingia nayo uwanjani ilikuwa hiyo hiyo ya timu maalumu. Nyota wangapi wa vyuo walitemwa msimu ule kwa sababu hawakuiweza?

Namna ya kupima: Agosti usifuate mpira pekee. Teke likipigwa, mtafute kijana wako. Kama hayumo hata kwenye kundi la pili la timu maalumu, jiandae kwa habari mbaya, hata kama jana alifunga tachidauni mbili dhidi ya wachezaji wa akiba.

Kuhusu fedha sina mengi. Aliyechaguliwa raundi za juu amelipwa fedha ambazo timu inazihesabu hata ikimtema. Aliyeingia bila drafti amepewa kiasi kidogo tu cha kusaini. Wawili wakilingana, anabaki yule aliyegharimu zaidi. Si haki, na kijana aijue mapema ili asijitafutie kosa ambalo hana.

Dalili ya nne: daktari amesema hapana

Jason White wa Oklahoma alikuwa amechana kano za magoti yote mawili kabla ya kutwaa Heisman ya 2003. Hakuchaguliwa, Tennessee wakamjaribu, akastaafu kwa sababu magoti hayakukubali. Tommie Frazier aliipa Nebraska ubingwa wa taifa mara mbili, lakini damu iliganda kwenye mguu wake, na 1996 hakuna timu iliyokubali kubeba hatari hiyo. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia goti vibaya 2011 na tena 2012, akachaguliwa na San Francisco raundi ya nne 2013, na akaaga Novemba 2014 bila kucheza mechi.

Mashabiki huona mechi, timu huona picha za ndani ya goti. Mchezaji akiporomoka ghafla kwenye drafti bila maelezo, chunguza afya kwanza. Na mzazi usikubali kijana afiche maumivu ili apite vipimo. Akitemwa akiwa mgonjwa na jeraha limeandikwa, ana haki za fidia na matibabu. Jeraha ambalo halikuripotiwa ni vigumu kulidai.

Dalili ya tano: vipimo vyote viko sawa, yeye ndiye hayupo

Watu hukimbilia kusema tabia. Maurice Clarett alikuwa mwaka wa kwanza tu alipoipeleka Ohio State kwenye ubingwa wa msimu wa 2002. Kisha akasimamishwa, akaishtaki NFL ili aingie drafti kabla ya miaka mitatu iliyowekwa tangu kumaliza sekondari, akashinda, akashindwa kwenye rufaa, na akakaa misimu miwili bila mechi. Denver walimchagua wa 101 mwaka 2005 na kumtema Agosti ile ile. Alifika kambini mzito na hakuwa tayari, hilo halina ubishi. Lakini mkimbiaji wa miaka 21 aliyekosa misimu miwili amepoteza kitu ambacho nidhamu ya mwezi mmoja hairudishi. Kwa hiyo kabla hujasema tabia, angalia kama kuna pengo la kucheza, msiba, ulevi unaohitaji tiba, au watu wengi mno wanaokula mfukoni mwake.

Akishatemwa, fanya hivi

Mchezaji asiyetimiza misimu minne hupitia dirisha la takriban saa 24 ambamo timu nyingine 31 zinaweza kuomba kumchukua, zikianza zilizofanya vibaya zaidi. Simu iwe hewani na pasipoti iwe mkononi. Asipochukuliwa anakuwa huru, na hapo ndipo timu hujaza vikosi vya mazoezi, nafasi 16 za kawaida kwa kila timu. Mwaka 2025 malipo ya chini huko yalikuwa dola 13,000 kwa wiki. Kwenye kikosi kikuu kima cha chini cha mchezaji wa mwaka wa kwanza kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Wa kikosi cha mazoezi anaweza kupandishwa kwa mechi hadi mara tatu kisha arudi, kwa hiyo mlango haujafungwa. James Harrison alitemwa mara kadhaa baada ya 2002, na 2008 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Case Keenum, mwenye rekodi ya zaidi ya yadi 19,000 chuoni Houston, hakuchaguliwa 2012. Msimu wa 2017 aliifikisha Minnesota hatua moja kabla ya Super Bowl, fainali ya NFL.

Nje ya NFL kuna UFL, ligi ndogo ya majira ya kuchipua, na kuna Kanada, yenye uwanja mrefu na mpana zaidi unaowapendelea wepesi kuliko majabali. Kurt Warner alipitia futiboli ya ukumbini na timu ya Amsterdam huko Ulaya kabla ya kutwaa Super Bowl na Rams kwenye msimu wa 1999.

Siku hizo hizo za mchujo hujitokeza mawakala wapya wenye maneno matamu. Wakala halali ana cheti cha chama cha wachezaji, NFLPA, na ujira wake kwa mkataba wa NFL hauzidi asilimia 3 ya malipo. Anayetaka mzazi atume fedha kwanza ili kijana "apatiwe majaribio", usimtumie.